Friza sita na jenereta ya kVA 60

SWALI: Shikamoo fundi. Nauza samaki na kuku wa kugandisha Mbagala Rangi Tatu. Nina friza sita, chumba kidogo cha baridi chenye kompresa ya hp 3 ya fezi tatu, msumeno wa kukatia samaki, pampu ya kisima ya hp 1, taa na feni. Umeme ukikatika usiku kucha mali inalainika na hasara inabaki kwangu. Gerezani nimeonyeshwa jenereta ya dizeli ya mtumba, kVA 60, injini ya Perkins, wanasema imetoka Uingereza, mita inasoma masaa 412 tu. Wameiwasha mbele yangu, imewaka mara moja. Mdogo wangu anasema nichukue kwa sababu mashine kubwa haihangaiki. Bei yake imekaribiana na kVA 20 niliyoiona Buguruni, ila hiyo imeshatembea masaa 6,300. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba, mama. Ya kVA 60 iache, hata wakikupunguzia. Ya Buguruni bado siifahamu, lakini hiyo ndiyo ya kwenda kuiangalia, na chini hapa nitakueleza namna ya kuiangalia. Mdogo wako usimlaumu. Mawazo yake wanayo watu wengi hapa mjini, wakiwemo mafundi, na ndiyo maana jenereta nyingi kubwa zinakufa mapema kwenye maduka madogo.

Tuanze na mzigo wako. Friza sita, kila moja tuipe wati 250 ikiwa inazunguka, zinafanya kW 1.5. Kompresa ya hp 3 inavuta karibu kW 3 kwenye waya. Msumeno tuuwekee kW 1.5, pampu ya kisima kW 1.1, taa na feni nusu kilowati. Vyote vikiwaka kwa pamoja, jambo ambalo ni nadra, unapata kW 7.6. Usiziamini hesabu zangu peke yake. Mwite fundi umeme aje na klampu mita, ile mita inayobana waya kwa nje, apime ampia za kila fezi duka likiwa kazini. Akipata, tuseme, 13, 14 na 11, jumla ni ampia 38. Zidisha kwa volti 230, unapata kama kVA 8.7. Fezi moja ikielemewa kuliko nyingine, ahamishe friza, mbili kila fezi, kabla hujafikiria jenereta ya aina yoyote.

Sasa, kVA iliyoandikwa kwenye jenereta ukiizidisha kwa 0.8 unapata kilowati ambazo injini inaweza kuzibeba. Ya kVA 20 ni kW 16. Ya kVA 60 ni kW 48. Mzigo wako wa kW 7.6 ni karibu nusu ya ile ndogo, na ni asilimia 16 tu ya ile kubwa. Utaniuliza kuhusu kompresa kuanza. Ni kweli, mota ikiwashwa moja kwa moja inavuta mara tano au sita ya kawaida yake kwa sekunde chache, na hapo ndipo jenereta ya kVA 10 ingepiga magoti. Ya kVA 20 iliyo nzima itainama kidogo, taa zitafifia mara moja, kisha itasimama. Kinachotakiwa ni kuwasha vitu kwa zamu: kompresa kwanza, ikishatulia ndipo friza, msumeno mwishoni. Usiache vyote swichi zikiwa chini halafu ukategemea miujiza.

Hiyo asilimia 16 ndiyo itakayokuumiza, na hapa naomba unisikilize kwa utulivu. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Dizeli inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda, na joto hilo linakuja vizuri injini ikiwa na kazi. Ukiipa mzigo mwepesi masaa kwa masaa, silinda hazipati moto wa kutosha. Sehemu ya dizeli haiungui. Nyingine inapita pembeni ya ringi za pistoni na kushuka kwenye oili, nyingine inatoka na moshi na kuganda njiani kama lami. Ncha za nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya silinda, zinaota masizi. Kuta za silinda zinasuguliwa mpaka zinakuwa laini kama kioo, oili haishiki tena, ringi hazibani. Injini inaanza kula oili ilhali haijachoka kwa kazi. Mafundi wengi wanaweka mpaka kwenye asilimia 30: chini ya hapo, kwa muda mrefu, unaiua mashine taratibu. Mashine kubwa haihangaiki, ndiyo, lakini kwa dizeli kutohangaika ndiko kunakoleta maradhi.

Na mafuta pia. Kwa mzigo wako ile kubwa itakunywa karibu lita 4 kwa saa kwa sababu lazima izungushe mwili wake mzito kabla ya kukuhudumia wewe. Ya kVA 20 itakunywa chini ya lita 3. Usiku mmoja wa masaa kumi ni zaidi ya lita kumi za tofauti. EWURA, wasimamizi wa nishati, wakitangaza bei kikomo ya mwezi, chukua bei ya dizeli ya Dar es Salaam uzidishe mwenyewe.

Turudi kwenye masaa 412. Muuzaji anayasema kama vile ni bikira wa kijijini. Jiulize mashine hiyo ilikuwa inafanya nini Uingereza. Kule umeme haukatiki mara kwa mara, kwa hiyo jenereta nyingi za huko zinakaa nyuma ya jengo, zinasubiri. Kila wiki au kila mwezi zinawashwa dakika kadhaa kujaribiwa, mara nyingi bila mzigo wowote, kisha zinazimwa. Miaka ishirini ya namna hiyo inaweza kuandika masaa 412 kwenye mita, na yote ni masaa ya ule ugonjwa niliokueleza. Nimefungua mashine ya masaa machache nikakuta silinda zinameta kama kioo cha kujitazamia, na nimefungua ya masaa 9,000 iliyokuwa inasukuma kiwanda cha mbao kila siku, kuta za silinda bado zina mikwaruzo yake ya kiwandani.

Ukipita tena Gerezani na una hamu ya kujua, fanya hivi mashine ikiwa imelala na imepoa. Funga kitambaa cheupe kidoleni, ingiza kwenye mdomo wa ekzosi, uzungushe. Masizi makavu yanayopukutika hayana neno. Kikitoka na uji mweusi unaonata, wenye harufu ya dizeli mbichi, umeshapata jibu. Angalia pia maungio ya ekzosi karibu na injini, kama kuna michirizi myeusi iliyotiririka. Wauzaji wanapenda kupuliza rangi mpya, lakini hapo penye moto rangi haikai, kwa hiyo ndipo mahali pakweli kuliko pote kwenye mashine.

Mita yenyewe ni kifaa kidogo kinachoshikwa na skrubu mbili na kuuzwa madukani. Sisemi huyu wako ameibadilisha. Nasema isome pamoja na vitu vingine: bawaba za milango ya kava, raba za kukalia injini, mkanda wa feni, herufi za kwenye swichi ambazo vidole vinazifuta. Mashine ya masaa 412 haiwezi kuwa na kishikio cha mlango kilicholika.

Sasa Buguruni. Masaa 6,300 yasikutishe. Dizeli inayozunguka mara 1,500 kwa dakika, ikitunzwa, inavuka masaa 10,000 bila kufunguliwa. Neno ni hilo, ikitunzwa. Oili ya injini hizi hubadilishwa kila masaa 250 hivi, maana yake mwenye mashine ameshamwaga oili kama mara 25. Muulize chujio la oili ni namba gani na analinunua duka gani. Mtu aliyelinunua mara 25 analitaja bila kutafuta. Akianza kusema "fundi ndiye anajua", mwombe namba ya huyo fundi. Muulize pia ilikuwa inafanya kazi wapi. Kama imetolewa kwenye mnara wa simu, ujue huenda ilikuwa inazunguka usiku na mchana, na hayo 6,300 inawezekana ni duru ya pili, mita ikiwa imeshaanzishwa upya.

Nenda asubuhi, na usipige simu kwamba unakuja. Hili nalisema kwa machungu. Miaka kadhaa nyuma nilinunua jenereta ya kVA 30 kwa ajili ya karakana yangu, mimi mwenyewe, fundi. Dalali alinipigia saa mbili asubuhi, akasema kuna mteja mwingine yuko njiani na pesa mkononi. Nikafika mbio, ikawaka kwa kugusa, nikalipa. Sikuweka mkono kwenye bloku, lile chuma kuu la injini. Walikuwa wameipasha moto tangu alfajiri. Kesho yake kwangu iligoma dakika kumi nzima, ilipokubali ikatoa moshi mweupe uwanja mzima, jirani akaja na ndoo ya maji akidhani nyumba inaungua. Ringi zilikuwa zimekwisha. Kuchonga silinda na kufunga pistoni mpya kulinigharimu karibu robo ya bei niliyonunulia.

Kwa hiyo shika bloku kwanza. Iwe baridi kama chuma chochote kilicholala nje. Ikiwa ya uvuguvugu, waambie utarudi kesho. Kwa joto la Dar es Salaam dizeli nzima inawaka ndani ya sekunde chache bila kupuliziwa dawa kwenye chujio la hewa; ukiona mtu ameshika kopo la etha, kunja mkoba wako. Kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, pengine gasketi ya silinda hedi. Fungua rejeta, ikiwa bado baridi, uangalie kama kuna utando wa mafuta juu ya maji.

Ikishawaka, acha ipate moto dakika kumi. Moshi mweupe mwanzoni ukiisha, sawa. Ukiendelea, au ukiwa wa bluu, hiyo inachoma oili au ina shida ya upigaji wa dizeli. Halafu jaribio ninalolipenda: legeza kifuniko cha kujazia oili, kigeuze juu chini na ukilaze tu juu ya tundu lake, injini ikiwa inaunguruma. Simama pembeni, injini nyingine zinarusha matone. Kikitulia au kutikisika kidogo, ringi zinabana. Kikicheza na kurushwa, huku mvuke unapiga kwa mapigo, pumzi inavuja kutoka kwenye silinda kwenda chini na bei uliyotajiwa si ya mashine hiyo.

Sasa mzigo. Karibu kila muuzaji atakuwashia bila mzigo, na bila mzigo hata mashine iliyooza inaimba. Beba mzigo wako. Mimi huenda na mabirika ya umeme sita, yale ya kuchemshia chai, kila moja wati 2,000, pamoja na dumu la maji na ubao wa soketi aliounga fundi umeme, mabirika mawili kila fezi. Sita zikiwaka ni kW 12, robo tatu kamili ya jenereta ya kVA 20. Acha vifuniko wazi yasijizime yakichemka, na awepo mtu wa kuongeza maji, birika likikauka linaungua. Watu wa Buguruni watakucheka. Waache wacheke, na uwakaribishe chai.

Washa mabirika mawili, kisha manne, kisha yote. Kisha zima yote na uwashe yote kwa mpigo. Injini itashtuka, itainama, lazima irudi ndani ya sekunde chache. Angalia mita ya Hz, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde: mashine yenye gavana ya kawaida, kile kifaa kinachoshika mwendo wa injini, inakaa kwenye 52 hivi bila mzigo na inashuka kuelekea 50 ikibeba. Ikienda 47 na kubaki huko, gavana, nozeli au pampu ya dizeli ina tatizo, au injini imechoka. Volti isimame karibu na 230 kila fezi. Ikicheza cheza, kidhibiti cha volti, ile AVR, kina kasoro, na hicho kinabadilishika bila gharama ya kukuua. Moshi mweusi wakati wa kushtuka si kitu. Moshi mweusi usiokoma ni kitu. Kaeni saa nzima. Rejeta mbovu haijionyeshi kwa dakika kumi, inahitaji saa nzima, hasa jua likishapanda. Kisha zima, subiri dakika tano, washa tena ikiwa ya moto.

Upande wa umeme mwombe fundi wako aje na mega ya volti 500, mita ya kupimia kama umeme unavuja, atenganishe AVR kwanza asije akaiunguza, apime waya za ndani dhidi ya bodi. Chini ya megaomu 1, kuna unyevu au waya zimechoka. Mashine iliyolala uani masika nzima inaweza kusoma vibaya na ikakaushwa ikapona, lakini hilo ni la kupunguzia bei.

Kibati cha altaneta, ile sehemu inayozalisha umeme, kisome mwenyewe. Kwa duka lako kiandike fezi tatu, volti 400/230, Hz 50, mizunguko 1,500. Hapa mjini kuna jenereta nyingi nzuri za Kijapani, Denyo na wenzake, kimya na imara, lakini Japani fezi tatu ni volti 200, na upande wa magharibi wa nchi yao ni Hz 60. Kompresa yako ya volti 400 haitazunguka hapo bila transfoma. Ukiambiwa "tutashusha mzunguko, itakuwa sawa", shukuru na uondoke. Zile nyepesi za mizunguko 3,000 zinazopozwa kwa hewa ni za kuchomelea geti, si za kulinda chumba cha baridi usiku kucha.

Jina la Perkins, iwe Gerezani au Buguruni, lisikutoshe likiwa kwenye stika. Injini halisi ina namba iliyogongwa kwenye bloku lenyewe, inaanza na herufi mbili za aina ya injini, na baadaye kuna herufi ya nchi ilikotengenezwa, U ikiwa ni Uingereza. Piga picha, peleka kwa wakala wa spea, akikwambia namba hiyo haipo kwenye vitabu vyake umeokoa mamilioni. Namba hiyo hiyo iandikwe kwenye hati ya mauzo, mlipe mwenye mali na si dalali, na kama ni duka udai risiti ya EFD. Jenereta za wizi zipo.

Ukishaifikisha Rangi Tatu, usikubali mtu aiunge kwa kuchomeka waya kwenye soketi ya ukutani. Umeme wako utarudi kwenye nguzo, na fundi wa TANESCO aliyepanda juu akidhani laini imezimwa atakufa. Weka chenjiova, ile swichi ya kuchagua TANESCO au jenereta, na fimbo ya ethi, na kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Ikae nje, moshi uelekee kusiko na dirisha la mtu. Moshi wa dizeli hauna adabu usiku, unaingia watu wakiwa usingizini.

Tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kuzalisha mwaka 2024, lenye uwezo wa megawati 2,115, hatuko tena kwenye mgao wa 2006 au 2011. Kinachokusumbua wewe ni kukatika kwa siku moja moja. Maana yake jenereta yako itakuwa imelala muda mrefu, na ukiwa na tabia ya kuiwasha dakika tano kila Jumamosi ili "isikae" utaigeuza kuwa ile ya Gerezani. Mara moja kwa mwezi geuza chenjiova kweli, friza na kompresa zibebwe na jenereta dakika arobaini. Oili ibadilishe kila mwaka hata kama masaa 250 hayajafika. Tangi lisikae nusu. Hewa yetu ina unyevu, maji yanajikusanya chini ya dizeli, kwa hiyo fungua bomba dogo la chujio umwage maji kabla ya kila jaribio.

Ukishapima ampia zako na ukaiona ya Buguruni ikiwa baridi, nitumie picha tatu: kibati cha altaneta, namba ya kwenye bloku, na kitambaa cheupe ulichopangusia ekzosi yake, kama nilivyokueleza kwa ile ya Gerezani. Usimlipe mtu hata kishika uchumba kabla sijakujibu.